Vimbunga 19, Watu Wawili

Mswada niliotumiwa mwezi uliopita una vimbunga 19, na vyote vina majina. Watu wenye majina ni wawili tu, na mmoja wao anakufa ukurasa wa sita.

Ni hadithi ya kubuni kuhusu msimu wa 2058/59 kwenye pwani yetu hii, kutoka Kunduchi kupanda mpaka Saadani, Bagamoyo ikiwa katikati. Mwandishi ni kijana wa Bagamoyo. Jina lake naliacha kwa kuwa mswada haujachapwa na yeye mwenyewe kaomba hivyo. Aliutuma kwa WhatsApp na maneno machache: "Shikamoo dada. Usinionee huruma." Basi sikumwonea. Nilimwomba tu ruhusa nimjibu hapa hadharani, maana kasoro zake si zake peke yake, na kuna sura moja kaipatia kwelikweli, kiasi kwamba ningechukia ibaki imelala kwenye simu yangu.

Mpango wa hadithi ni huu. Kimbunga cha kwanza kinaingia Novemba na kung'oa mabati. Cha pili kinang'oa kuta. Cha tano kinaichukua Kaole, magofu, makaburi na mbuyu wake. Cha tisa kinaufanya mto Ruvu na bahari kuwa kitu kimoja. Kufikia cha 14 nilikuwa nafungua kurasa kama mtu aliyekaa stendi: hili limepita, linakuja jingine. Kila sura inafungwa kwa idadi ya waliokufa, kama matokeo ya mpira. 2,000. Kisha 12,000. Kisha 40,000. Nilipofika kwenye 40,000 nilikuwa nakunywa chai, na chai haikunipalia.

Wenye majina ni mtaalamu wa hali ya hewa aliyesomea Japani, ambaye anajua kila kitu na hasikilizwi na mtu, pamoja na mchumba wake, ambaye kazi yake katika hadithi ni kufa ili mtaalamu apate uchungu wa kumfikisha ukurasa wa 90. Waliobaki wote ni "wananchi". Wananchi walikimbia. Wananchi walipiga mayowe. Hilo neno tunalijua vizuri sisi wa vyumba vya habari. Tunaliandika pale ambapo hatujamuuliza mtu jina lake.

Najua lilikotoka wazo la vimbunga 19. Tumekua tukiviangalia kwenye televisheni: ramani yenye duara linalozunguka, namba ya daraja, mtangazaji kashikilia kofia. Upande wa magharibi wa Pasifiki misimu ya namna hiyo ipo kweli, vimbunga zaidi ya 20 kwa mwaka ni jambo la kawaida, na Novemba 2013 kimoja tu, Haiyan, kiliua zaidi ya watu 6,000 Ufilipino. Msomaji wa Tacloban ukimwambia "kimbunga cha saba mwaka huu" hahitaji maelezo. Sisi tunayahitaji. Bagamoyo iko takriban nyuzi sita na nusu kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuupinda upepo ukawa duara. Halafu Madagaska imelala mbele yetu kama ukuta, ingawa ni ukuta wenye mlango upande wa kaskazini. Ndiyo maana vimbunga vikubwa vilivyoipiga pwani ya Tanzania moja kwa moja unavihesabu kwa vidole: Unguja na Bagamoyo tarehe 15 Aprili 1872, Lindi Aprili 1952, na hivi vya juzijuzi ambavyo nitavifikia.

Kwa hiyo ukituletea 19 kwa mkupuo, tueleze bahari imefanywa nini. Mswada unasema mara moja tu kwamba "bahari ilikuwa imepata joto", kisha unaendelea na shughuli zake. Na hata hapo, kitu ambacho wanasayansi wanakisisitiza zaidi ni kwamba vimbunga vitakuwa na nguvu zaidi na mvua nyingi zaidi, si lazima viwe vingi. Kwa mwandishi wa hadithi hiyo ni habari njema. Kimoja kinatosha.

Kuna jambo dogo lakini limenisumbua kuliko yote ya sayansi. Katika kurasa 90 hakuna bamvua. Jamani, mtu wa Bagamoyo! Maji ya pale yanapwa mbali mpaka ngalawa zinalala ubavu kwenye tope, na siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na maji kupwa inapita mita tatu. Kimbunga kikiyainua maji mita mbili wakati bahari imepwa, huenda yasifike hata pale watoto wanapochezea mpira. Kikiingia saa ya kujaa, maji yako sokoni, kwenye meza za samaki. Upepo ni uleule, mtaa ni uleule, na uhai wa watu umening'inia kwenye saa sita za tofauti. Mvuvi yeyote ukimsimulia kimbunga, swali lake la kwanza litakuwa: maji yalikuwaje? Mwandishi hakuuliza. Wala hamna kusi wala kaskazi, hamna hata maleleji, wakati Aprili ndiyo maleleji yenyewe, kaskazi imeshakufa na kusi haijashika, na nahodha mwenyewe hajui aamini upepo gani. Cha 1872 kilikuja Aprili. Cha Lindi kilikuja Aprili. Mwezi kama huo ndio wa kuanzia hadithi, na yeye kauweka mwishoni, kwenye foleni, namba 17.

Nilipomaliza kusoma mara ya kwanza nilikwenda kutafuta kwenye rafu kitabu cha zamani chenye jina la dhoruba. Kipo kimoja maarufu, *Tufani*, tafsiri ya Samuel Mushi ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotolewa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House mwaka 1969, enzi zilezile Mwalimu alipotupa *Mabepari wa Venisi*. Neno tufani lilitufikia kutoka Kiarabu, ndilo la gharika ya Nuhu, na lina undugu na jina wanaloviita vimbunga vya Bahari ya China. Ila angalia dhoruba ya tamthilia ile ilivyo. Ina mwenyewe. Prospero ameitengeneza kwa uchawi, amemtuma Ariel aiendeshe, na mwisho wa siku hakuna aliyedhurika hata unywele, abiria wanatoka majini na nguo zao zikiwa safi. Dhoruba pale ni barua ambayo mtu mmoja anawaandikia maadui zake.

Nadhani sisi wa pwani bado tunazisoma dhoruba kwa namna hiyo, kwamba lazima iwe na mwenyewe. Aprili 2021, siku chache kabla ya Sikukuu ya Muungano, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba kimbunga Jobo kinaelekea pwani yetu, Dar es Salaam ikiwemo. Kikapungua nguvu njiani, kikafika kikiwa kimekwisha. Mnakumbuka vichekesho vilivyojaa simuni. Wapo waliosema Mamlaka imetudanganya, wapo waliosema dua zimekirudisha. Hakuna aliyeridhika na jibu la kwamba upepo ulikata tu, kwa sababu hali ya juu haikuupendelea. Katika mswada, vivyo hivyo, vimbunga vinatumwa. Si na mchawi, ila na mwandishi, kuwaadhibu wananchi kwa kutomsikiliza msomi wa Japani. Ndiyo maana haviogopeshi. Adhabu inajua inampiga nani, na kimbunga hakijui.

Kijana wangu ana mwenzake mmoja mkubwa wa kumsoma, naye ni Joseph Conrad. *Typhoon*, 1902. Najua Conrad ana kesi zake za kujibu kuhusu anavyotuandika sisi na wengine, na hata humu abiria 200 Wachina waliofungiwa chini ya sitaha ni lundo la miili na mayowe, hakuna hata mmoja mwenye jina. (Wananchi!) Lakini soma kile anachokifanya na nahodha MacWhirr. Vyombo vinaonyesha hewa imeshuka vibaya. Kitabu cha dhoruba kiko mezani, kinamwambia azunguke. MacWhirr anakisoma, anakifunga, anakataa. Si kwa ujasiri, wala si kwa ujinga wa moja kwa moja. Anapiga hesabu: akizunguka ataongeza maili 300, na mkaa wa maili hizo nani ataulipia? Atamwambia nini mwenye meli, kwamba alizunguka kukwepa dhoruba ambayo, kwa kuwa aliikwepa, hakuiona?

Hilo swali la mwisho halina jibu hadi leo. Onyo likifanya kazi vizuri, aliyelitii anabaki na hasara mkononi na hana cha kuonyesha.

Jambo la pili la Conrad: pale dhoruba inapofika kilele, anaikata. Tuko katikati ya giza, meli inakaribia kupigwa na nusu ya pili iliyo mbaya kuliko ya kwanza, mara ukurasa unafunguka na meli inaingia bandarini, mchana, jua linawaka, imebabuka chumvi kama imetoka kuzimu. Hatuoni. Mswada wetu umeonyesha kila wimbi la vimbunga 19, kwa mita na sentimita.

Sasa, sura ya nane.

Kimbunga cha nane hakipigi. Kinatangazwa Alhamisi asubuhi, kinageuka Ijumaa usiku, kinafia baharini. Sura nzima ni kurasa nne, na nina hakika mwandishi aliiweka kama pumziko kabla ya cha tisa. Yupo mama anayekaanga samaki pale soko la samaki la Bagamoyo. Jumatano kanunua ndoo mbili za vibua kwa pesa ya kausha damu. Marejesho ni Ijumaa. Alhamisi ujumbe unaingia kwenye simu: shughuli zote za pwani zisimame, watu wasogee maeneo ya juu. Anausoma mara mbili. Anamsomea jirani yake. Jirani anamwuliza, "Wamesema ni lazima au wamesema tunashauriwa?" Anautazama tena. Umeandikwa "mnashauriwa".

Kwa maoni yangu hayo ndiyo maneno bora katika mswada mzima, na kijana kayaandika bila hata kujua, kayapita kama anapita dukani kununua vocha. Maana mle ndani mna lugha yote ya taarifa kwa umma: vitenzi visivyo na mtu, "inatarajiwa", "inashauriwa", "inahimizwa". Siilaumu Mamlaka, utabiri ni kazi ya uwezekano na lugha ya uwezekano haiwezi kuwa ya amri. Lakini mama wa samaki anaisoma taarifa ile kama mkataba. Kama ni lazima, basi yupo mwingine atakayebeba hasara. Kama ni ushauri, hasara ni yake.

Anatii. Anafunga meza, anabeba godoro na watoto, analala kwenye darasa la shule ya msingi na watu wengine 60. Vibua vinaoza. Kimbunga hakiji. Jumamosi wa kausha damu anakuja na daftari.

Niliinuka kitini. Huyu ndiye MacWhirr wetu, nikasema, ila yeye kafanya kinyume, kazunguka, na mkaa wa maili 300 unatoka mfukoni mwake! Nikafungua sura ya tisa kwa pupa, maana kila msomaji anajua swali lililobaki: onyo la pili likija, atatii? Sura ya tisa ikaja, Ruvu ukaungana na bahari, 12,000 wakafa, mtaalamu akasimama kilimani akiangalia. Yule mama hayumo. Nikarudi nyuma kumtafuta, labda nimeruka ukurasa. Hayumo. Kapotea na hatuambiwi hata kama kafa.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, nilikuwa zamu. Kazi yangu siku ile ilikuwa kupiga simu pwani, kuuliza watu wanajiandaaje. Mzee mmoja nahodha wa upande wa Mlingotini nilimwamkia, nikajitambulisha, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hiki ni kile cha mwaka ule kilichopotea njia?" Alikuwa anaisema Jobo. Nikamwambia hapana mzee, hiki ni kingine. Akasema haya, chombo nimekivuta juu, lakini mwaka ule pia nilikivuta. Boti za Zanzibar zilisimamishwa. Tarehe 4 Mei Hidaya ikaingia Mafia ikiwa imeshapungua, na sisi wa Dar tukaanza tena kucheka. Siku iliyofuata tukapata habari za Kilwa: maji yamekata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zikawa kama visiwa. Hidaya, kwa wasiofuatilia, maana yake ni zawadi. Majina haya hupangwa kabla ya msimu kwa mpangilio wa herufi, kutoka kwa nchi za ukanda wetu, hakuna aliyekaa akachagua kejeli. Vya kijana wetu navyo vina majina, na amenidokeza kwamba ni ya walimu wake wa sekondari. Nimecheka sana. Lakini ukiwa na majina 19 ya akiba, mpe moja yule mama.

Hapo ndipo nauona ugumu wa kuandika kimbunga cha pwani yetu, na utamu wake. Kwa mtu wa Ufilipino hadithi inaweza kuanza upepo unapoanza. Kwetu inaanza siku kadhaa kabla, kwenye kuamini, maana tunaonywa mara nyingi kuliko tunavyopigwa, na kila onyo lina bei inayolipwa na mtu mwenye ndoo mbili za vibua. 2019 watu wa Mtwara waliambiwa wajiandae na Kenneth, kikageukia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na kule kikaua. Waliojiandaa upande huu walirudi nyumbani wakiwa wazima, na wasiwasi kwamba wamechezewa. Riwaya ya msimu wa 2058/59 ambayo ningeilipia ni ya maonyo matano na kimbunga kimoja, na nisijue ni la ngapi.

Kuhusu 1872, mswada una sentensi moja: "kama kile cha zamani". Hapa nilitaka kumvuta sikio. Kijana anaishi mwendo wa dakika chache kutoka Misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika pale 1868, wakajenga, na miaka minne baadaye kimbunga kikayabomoa majengo yao, wakaanza upya. Unguja, bandari ikajaa vyombo vilivyozama, zikiwemo meli za Sultani, na sehemu kubwa ya mikarafuu ikalala chini. Pemba ilipona kwa kiasi kikubwa, na ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu tunachokijua. Sultani Barghash alikuwa hajamaliza hata miaka miwili kwenye kiti. Tarehe 5 Juni 1873, Waingereza wakiwa wamemkaba, akasaini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko la Unguja, akiwa mtawala asiye na meli wala mavuno. Baadaye akaagiza meli mpya, ikajengwa kule Uskoti mwaka 1878, ikaitwa *Glasgow*, na Waingereza haohao wakaizamisha mbele ya kasri mwaka 1896, kwenye ile vita ya chini ya saa moja. Upepo wa siku moja, na nyuzi zake zinatambaa miaka 24. Mwandishi akitaka kujua jinsi kimbunga kinavyokaa ndani ya maisha ya watu, asihesabu maiti, afuate nani alipanda nini baadaye, na kwa deni la nani.

Halafu kuna Stanley. Alikuwa anarudi pwani baada ya kumpata Livingstone, na mwishoni mwa Aprili ileile akapita Simbamwene, karibu na Morogoro ya leo. Katika kitabu chake cha mwaka huohuo anaeleza kwamba mto ulikuwa umeusomba ukuta wote wa mbele wa mji ule pamoja na nyumba kama 50, na vijiji vya Waluguru milimani vimeumia, na kwamba kama robo tu ya aliyoyasikia ni kweli, wamekufa watu wasiopungua 100. Kisha anaendelea na safari. Tarehe 6 Mei jioni anaingia Bagamoyo. Katika simulizi yake mafuriko yale ni tope, ni kuchelewa, ni kikwazo cha mtu anayetaka kufika kwenye meli. Hakuna Mluguru hata mmoja anayefungua mdomo.

Soma hiyo na ramani pembeni. Mto wa Simbamwene ni Ngerengere. Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu unaingia baharini kaskazini kidogo tu ya Bagamoyo. Kwa hiyo maji yaliyobeba nyumba za Simbamwene yalikuwa yanaelekea kulekule alikokuwa anaelekea Stanley. Mswada umeweka maangamizi yote ufukweni, mawimbi tu, kana kwamba kimbunga ni mnyama wa baharini asiyeweza kupanda nchi kavu. Idai ya Machi 2019 iliizamisha Beira, lakini iliua pia Chimanimani, milimani, Zimbabwe. Freddy mwaka 2023 iliwaua au kuwapoteza zaidi ya watu 1,000 Malawi, nchi isiyo na bahari. Na sisi maji ya kunywa ya Dar es Salaam tunayatoa hukohuko Ruvu, mtambo wa Ruvu Chini uko Bagamoyo. Fikiria tu sura moja ambayo pwani kumetulia, jua linawaka, watu wanarudi majumbani wakicheka, na mto unakuja kwa nyuma.

Nilitaka pia kijana amsome mtu wa kwao. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikuwa mtoto mdogo kimbunga kilipopiga, na baadaye ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya *Desturi za Wasuaheli*, kilichotoka Ujerumani 1903 na jina la Velten likiwa mbele. Hamna dhoruba ya kusisimua mle. Kuna jinsi ya kumwandika mtu wa pwani kwa anachotoa na anachopokea: nani anamlipa nani, kiasi gani, siku gani, na akishindwa inakuwaje. Nathari ya Bagamoyo ilianza na mambo kama ya mama wa samaki, haikuanza na msomi kilimani.

Imebaki sura ya mwisho, ambayo inatuonyesha pwani baada ya cha 19: kimya, mbingu nyekundu, mtaalamu peke yake. Mbingu nyekundu niachieni mimi nisiseme kitu. Lakini kuandika magofu sisi tunajua, tena zamani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika *Al-Inkishafi*, anapotaka tuione Pate iliyokwisha, hatupi idadi ya waliokufa wala hatuonyeshi walivyokufa. Anaingia ndani ya nyumba. Anatazama vidaka ukutani, palipokuwa pamepangwa vyombo vya kauri, anakuta ndege wamejenga. Anapita vyumbani mmoja mmoja, na unajua waliokaa humo walikuwa akina nani kwa sababu unaona walipokuwa wanaweka vitu vyao.

Basi aingie kwenye banda la mama wa samaki. Karai la kukaangia litakuwa limesukumwa mpaka kwenye michongoma, limejaa mchanga. Meza haipo. Simu imekufa. Lile daftari dogo alilokuwa anaandika marejesho yake mwenyewe, ili asidhulumiwe, limelowa na wino umetoka wote. La mkopeshaji siku hizi liko kwenye programu ya simu, halijalowa.